Kiti cha Kulia

Ilianza Oktoba, barabara ya kokoto kutoka Orissaare:
ta-ta, kimya, ta,
kama kucha ya mtu anayebisha hodi
na hana haja ya kufunguliwa.

Kazi yangu ni kupatanisha nyuzi za piano.
Miaka thelathini na minne nimekizunguka kisiwa hiki,
shule, makanisa, sebule za wajane,
nikisikiliza uzi mmoja ukigombana na mwenzake
mpaka waelewane.
Sikio langu lasifiwa hata ng'ambo ya feri,
na gari langu mwenyewe lanicheka.
Kinyozi hajinyoi.

Ni Volvo ya mwaka themanini na sita.
Rangi yake ilikuwa bluu; sasa ni suala la imani.

Nilianza na buti. Nikatoa jeki, spana, tairi la akiba,
mtungi wa jamu niliosahau kumpa mtu.
Nikashindilia magazeti nyuma ya dashibodi,
sponji ndani ya milango,
nikafunga bomba la moshi kwa waya,
nikalala chini ya gari, theluji imeyeyuka nusu,
kama mtu anayetubu.
Haikuwa nati,
wala noti yoyote ninayoijua.

Nikalipeleka kwa Tarmo, fundi wa Valjala.
Akaketi kando yangu, akafunga mkanda, akafumba macho.
Tukaenda hadi kwenye kinu cha upepo, tukarudi.
Kimya. Gari limetulia kama mtoto mbele ya mgeni.
"Endel," akasema, "ni umri."
Hakusema wa nani.

Nikamchukua jirani yangu Helmi,
bibi wa miaka themanini na moja anayesikia panya wakiwaza.
Kimya.
Alipoteremka, hata hajafika mlangoni kwake:
ta.

Kulikuwa na jambo nililokuwa nikimfundisha Leelo,
mwanafunzi wangu kwa miaka mitatu:
piano ikivuma vibaya, usiifungue kwanza.
Tembea chumbani. Shika fremu ya picha,
kioo cha kabati, kijiko ndani ya glasi.
Mara nyingi piano haina kosa,
ila kuna kitu kinachotetemeka kwa ajili yake.
Siku moja, kule Leisi, akanyoosha mkono
akaiondoa miwani yangu juu ya piano.
Mvumo ukakoma.
Sikumsifu. Nilisema tuendelee.

Septemba alihamia Pärnu.
Ana gari lake sasa, jina lake limeandikwa mlangoni.

Desemba, foleni ya feri, Kuivastu,
saa kumi alasiri na giza limeshaingia.
Injini inanguruma mahali pamoja, gari zima linatetemeka,
ta-ta, ta,
nikamulika tochi upande wa pili
na nikauona: ulimi wa mkanda.
Springi imechoka, haiuvuti tena juu,
unaning'inia, unaigonga nguzo ya mlango.
Na kila niliyemwita aje asikilize
aliketi pale, akaufunga kifuani pake.

Kiti cha kulia.
Miaka yote nimekiita hivyo
bila kusikia nilichokisema.

Nikauchomeka kwenye kifungo chake.
Mkanda ukalala juu ya hewa.
Sikufurahi kama nilivyotazamia.

Ng'ambo, kwenye lami, ndani ya ukimya ule,
nikasikia sauti nyingine, nzito, ya chini:
beringi ya gurudumu la nyuma, kushoto.
Sol, imeshuka kidogo.
Leelo angesema imeshuka sana.

Nilikuwa nakwenda Lihula, kwenye piano ya shule.
Bango la Pärnu likatokea kwenye taa.
Sina piano yoyote Pärnu.
Nikawasha indiketa hata hivyo,
tik, tik, tik,
nikaisikiliza kwa muda,
nyuma yangu mtu akipiga honi.